Somo la amani: Kuvua kinyago ukiwa mtu mzima

Mara nyingi tunazungumza juu ya amani kati ya kabila na kabila, jirani na jirani. Leo tujifunze juu ya mtu anayeishi miaka mingi akijificha mbele ya watu wake mwenyewe, na juu ya sisi tunaomfanya ajifiche.

1. Kisa

Nilikuwa mwezeshaji wa semina ya siku 3 katika tambarare ya Ruzizi. Washiriki walitoka pande mbili zilizogombana juu ya mashamba na malisho. Niliwapanga wawili wawili, nikasema: «Mtazame mwenzako machoni, umsikilize.» Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanaume aliyepita miaka 40, alisikiliza huku akitazama mabati na kusugua vidole. Mama aliyekuwa akimsimulia kifo cha kaka yake alinyamaza, kisha akasimama. «Huyu ananidharau,» akasema. Watu wa upande wake wakaanza kukusanya vitu vyao.

Mwalimu akaomba neno. Akarudia masimulizi ya mama yule tangu mwanzo, bila kuacha jina wala siku. Halafu akasema: «Mama, nikikutazama machoni sisikii tena unachosema. Nilitaka kukusikia.» Mama akaketi, semina ikaendelea. Kosa lilikuwa langu, maana nilitoa amri moja kwa watu wasiofanana.

Jioni mwalimu alinieleza kwamba mtoto wa dada yake alipelekwa kwa daktari, akakutwa na usonji. Dada alipomsomea dalili, naye alijitambua humo. Utotoni alichapwa kwa sababu ya kutikisa mikono, na shangazi mmoja alisema ana pepo. Basi akajifunza kutazama watu kwenye paji la uso, kufanya mazoezi ya salamu usiku, na kucheka wengine wanapocheka. Kila baada ya matanga au arusi alijifungia chumbani siku nzima, na mke wake alidhani amemkasirikia.

2. Tuelewe maana

Usonji si laana, si uchawi, wala hauambukizi. Ni namna ubongo unavyokua tangu mwanzo wa maisha. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika juu ya watoto 11 wa namna hiyo, na kwa muda mrefu watu waliuona kuwa jambo la watoto tu. Lakini watoto hukua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Kinyago ni jitihada ya kuficha dalili hizo ili mtu apate kazi, apate rafiki, au asichekwe. Watu wenye usonji waliohojiwa na watafiti wa Uingereza wamesema kwamba kujificha kunawachosha sana, na wengine hawajui tena wao ni nani. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kujificha huko kunaambatana na mawazo ya kujiua. Kwa hiyo tusiseme ni adabu tu.

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili. Mwaka 2020 watafiti wa Edinburgh walipitisha hadithi kutoka mtu hadi mtu. Wenye usonji peke yao waliipokezana vizuri sawa na wasio na usonji peke yao. Ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Sisi tunaofanya kazi kati ya jamii mbili tunalijua jambo hilo: kila upande husema mwingine hasikii.

3. Namna ya kuanza

Mwalimu hakuvua kinyago siku moja. Alifuata hatua hizi:

- Aliandika mambo anayoyafanya mbele ya watu, akatia alama kwa yale yanayomchosha zaidi.
- Alianza na mtu mmoja anayemwamini, mke wake. Alimwambia: «Sijakasirika, nimechoka na kelele.»
- Aliuruhusu mwili kwanza. Siku hizi anashika kijiwe mfukoni na kukizungusha waziwazi.
- Alisema haja yake kwa maneno mafupi. Akiingia kikaoni husema: «Nawasalimu wote kwa pamoja,» naye huketi karibu na mlango.
- Alibakiza kinyago mahali pa hatari. Kwenye kizuizi cha barabarani, mbele ya mwenye silaha, anajibu kama alivyojizoeza. Huko si kushindwa. Kinyago kilimlinda tangu utotoni, na yeye ndiye anayejua wapi bado anakihitaji.

Mimi si daktari, na somo hili halimpimi mtu. Lakini huhitaji karatasi ya daktari ili umwachie mwenzako nafasi ya kupumzika.

4. Kazi ya kikundi

Mtu hawezi kuvua kinyago peke yake ikiwa wanaomzunguka bado wanamcheka. Waandaaji wa semina, andikeni ratiba ubaoni na msiibadilishe bila kuarifu. Msilazimishe michezo ya kuchangamsha. Tengeni mahali patulivu. Kubalini jibu la kuandikwa. Msipime ukweli wa mtu kwa macho yake.

Wazazi na wahubiri, kumbukeni kwamba sheria yetu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumshutumu mtoto kuwa mchawi. Watu wazima wengi wa leo walikua kabla ya sheria hiyo, na bado wanabeba maneno waliyoambiwa.

5. Maswali ya kujadili

a) Katika kikundi chetu, nani hunyamaza au huondoka mapema? Tumewahi kumuuliza sababu kwa upole, tukiwa wawili tu?
b) Ni desturi gani ya vikao vyetu inaweza kumchosha mtu bila sisi kujua?
c) Wewe mwenyewe unaficha nini ili ukubaliwe, na ungeanza kumwambia nani?

Mkikutana, msimtaje mtu yeyote kwa jina wala kumnyooshea kidole. Anayetaka kusema habari zake atasema mwenyewe, siku atakayoona yuko salama.