Kiharusi na Picha za Ubongo: Ulinganisho wa Mbinu na Istilahi

1. Utangulizi
Katika mazungumzo ya kila siku, neno kiharusi hutaja ugonjwa mmoja. Katika tiba, hubeba hali mbili zinazopingana. Kuna kiharusi cha kuziba, ambapo donge la damu huzuia mshipa wa ubongo, na kiharusi cha kuvuja, ambapo mshipa hupasuka. Dalili hushabihiana: uso kupinda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito. Hata hivyo, dawa ya kuyeyusha donge huweza kumwokoa mgonjwa wa hali ya kwanza na kumwua wa hali ya pili. Makala haya yanalinganisha mbinu mbili za picha zinazotenganisha hali hizo.

2. Skani ya CT
Mbinu hii hutumia eksirei. Kichwa hupigwa picha kutoka pembe nyingi, kisha kompyuta huziunganisha. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Kazi hukamilika kwa dakika chache, na damu iliyovuja punde huonekana nyeupe. Udhaifu wake ni kwamba kiharusi cha kuziba huenda kisionekane katika saa za mwanzo. Picha isiyo na dosari haithibitishi uzima.

3. MRI
MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Aina yake inayopima mwendo wa molekuli za maji huweza kuonyesha sehemu iliyokosa damu dakika chache tu baada ya mshipa kuziba. Lakini huchukua muda mrefu zaidi, ni ghali, na haiwafai baadhi ya wenye vyuma mwilini.

4. Suala la Mahali
Ras Kitau imo kisiwani Manda, ikitazamana na Shela ng'ambo ya mkondo. Anayepatwa na kiharusi hapo sharti kwanza avushwe kwa chombo. Dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili kuanza. Mshipa mkubwa ukiziba, hukadiriwa kuwa seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Hivyo, swali la kwanza si picha ipi iliyo bora, bali ipi itakayofikiwa mapema. Jamaa hawana budi kukumbuka saa mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, wala wasimpe aspirini kabla ya picha.

5. Hitimisho
CT hutangulia kwa kasi, MRI kwa undani. Kiistilahi, "kiharusi" pekee hakitoshi: kutaja "cha kuziba" au "cha kuvuja" humwezesha jamaa kuelewa kwa nini daktari husubiri picha kabla ya kutoa dawa.