Somo la Neno: Hamaki

Katika somo letu la leo tumekusudia kulitazama neno litumikalo sana midomoni mwetu, wala si wengi walipimao: neno HAMAKI. Twasema "fulani ni mwepesi wa hamaki", au "alipoambiwa alihamaki". Yako na maneno mengine yaliyo jirani yake, lakini kila moja lina mahali pake.

Mwenye hasira ni mtu aliyeudhiwa. Sababu ikiondoka, huenda na hasira ikaondoka. Mwenye harara ni yule ambaye tabia yake yote ni moto, na asili ya neno lenyewe kwa Kiarabu ni joto. Mwenye kinyongo huficha moyoni siku nyingi. Ama mwenye hamaki ni yule awakaye ghafula: amekwisha jibu neno ambalo mwisho wake hajausikia.

Asili ya hamaki ni Kiarabu, herufi ha, mim na qaf. Huko kwao humq si ghadhabu, bali ni upumbavu, na ahmaq ni mpumbavu. Lilipofika kwetu likavaa maana ya ukali wa ghafula. Hatusemi kuwa wazee walikosea, kwani lugha ikiazima neno hulivika nguo zake. Na hasira nayo ni vivyo hivyo: hasra kwa Kiarabu ni majuto, na Qur'ani katika Sura ya Maryam, aya ya 39, yaitaja kwa neno hilo siku ya majuto. Basi yapange maneno haya mawili uone: mwanzo upumbavu, mwisho majuto. Kweli wamenena wasemao, "Hasira, hasara."

Sasa tutazame matumizi. Mara nyingi neno hili twalifanya udhuru. Mtu hutukana mbele ya wanawe, huvunja vyombo, au hutamka talaka kwa sababu chumvi imezidi mchuzini, nasi barazani twasema, "Mwacheni, ana hamaki huyo, lakini moyo wake mweupe." Kana kwamba hamaki ni kimo alichozaliwa nacho!

Tena tuangalie ni nani apewaye udhuru huo. Bwana akifoka, ana hamaki. Mkewe akijibu, ana mdomo. Mtumishi akinung'unika, ni jeuri. Mtoto akikasirika, hana adabu. Jambo ni moja, majina ni manne. Na huyo bwana, mbona mbele ya hakimu hahamaki, wala mbele ya anayemdai? Awezaye kujizuia mbele ya mwenye nguvu aweza kujizuia mbele ya mnyonge. Nasi hatujitoi katika lawama hii: tumelisema neno hili barazani tukacheka, na huko nyumbani kwa mtu yuko aliaye.

Mtume wetu (s.a.w.) alifunza, katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye nguvu si ashindaye kwa mieleka, bali ni aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Akakataza pia kadhi asihukumu baina ya watu wawili naye ameghadhibika. Ikiwa kadhi pamoja na elimu yake ahofiwa hivyo, je, hukumu ya mtu juu ya mkewe na wanawe? Na dawa alitupa: aliyesimama akighadhibika na aketi, isipomtoka, na alale. Dawa haiagizwi ila kwa maradhi yaponyekayo.

Basi ndugu zetu, neno hamaki tulitumie kwa kuitaja aibu, si kwa kuifunika. Tukimwona mwenzetu amehamaki tusimwambie kuwa ndivyo alivyo. Tumwambie aketi, kisha akaombe radhi kwa aliyemdhulumu. Na kila mmoja wetu aanze kwa nafsi yake, leo, mlangoni mwake.

Wa billahi tawfiq.