Figa Moja Haliinjiki Chungu

SOMO LA VIKUNDI: Kujikinga na hasara bila kumaliza msitu na maji



Katika Kericho na sehemu za juu za Bomet, karo ya shule, mabati ya nyumba na hata unga wa ugali hutoka kwa majani chai. Chai ni baraka. Lakini nyumba inayotegemea chai peke yake ni kama chungu kilichowekwa juu ya figa moja.

Tukumbuke yaliyotupata

Mwaka 2011 ugonjwa wa mahindi ambao wengi huuita MLN ulionekana Bomet kabla ya kuenea kwingine nchini. Mahindi yalikauka yakiwa bado shambani. Januari 2012 baridi kali ya usiku ilibabua chai Kericho, na waliongojea malipo ya mwezi wakakosa cha kuchuna. Mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilianza, bei ya mbolea ikapanda sana. Tena bei ya chai yetu hutegemea mnada wa Mombasa. Wanunuzi wakubwa kama Pakistan na Misri wakikosa dola, sisi huku vijijini tunaumia.

Mambo haya hatuwezi kuyazuia. Tunachoweza ni kujiandaa.

Dawa inayoleta ugonjwa mwingine

Hasara ikija, watu hufanya nini? Mmoja anakata miti ya kando ya mto auze kuni. Mwingine analima chemchemi apande viazi. Mwingine anapanda blugamu mpaka ukingoni mwa maji, kwa sababu viwanda vya chai hununua kuni za kukaushia majani. Pesa anapata, ndiyo. Lakini chai inataka mvua ya kutosha karibu mwaka mzima, na msitu wa Mau ndio unaotunza maji yetu. Kipsonoi na Itare hutoka huko na kufanya mto Sondu. Nyangores na Amala hufanya mto Mara.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha ukanda wa chai wa Nyayo ili kulinda mipaka ya misitu. Mwaka 2001 serikali hiyohiyo iliondoa sehemu kubwa za Mau kwenye hifadhi. Basi tujue kwamba anayefyeka msitu ili aponee hasara ya mwaka huu anajitengenezea hasara ya miaka ijayo.

Mafiga matatu

1. Chai. Tuitunze vizuri tuliyo nayo kabla ya kupanua shamba.

2. Maziwa. Ng'ombe mmoja wa kufungiwa zizini, analishwa nepia ya kwenye matuta. Samadi yake inapunguza mbolea ya dukani kwa mboga na viazi.

3. Chakula. Tusirudie mahindi kila msimu, maana ugonjwa hukaa pale mahindi yanapofuatana. Tubadilishe na maharagwe, viazi vitamu na mboga.

Blugamu tusizikatae, ila zipandwe mlimani, mbali na maji. Ukingo wa mto tuupe miti ya kienyeji na nyasi za kukatia mifugo.

Kazi ya kikundi

Mwenye nusu ekari kando ya mto atauliza, "Nikiuacha ukingo, watoto wangu watakula nini?" Swali lake ni la haki. Maji anayoyalinda yanakunywewa na kijiji kizima, kwa hiyo gharama isiwe yake peke yake. Kikundi kinaweza kununua nyasi anazokata pale, kumpa miche bure, na kuweka akiba kidogo wakati wa bonasi ili mwanachama akipata shida asikimbilie panga.

Maswali ya kujadiliana

1. Kama chai ingekosa malipo miezi mitatu, ni nyumba ngapi kikundini zingekuwa na chakula?

2. Ni chemchemi gani za kijiji chetu zimepungua, na juu yake kumepandwa nini?

3. Bonasi ijayo, kila mmoja ataweka kiasi gani?

Andikeni majibu kwenye kitabu cha kikundi, na mwaka ukiisha muyasome tena pamoja.