SOMO LA ROBO HII: KIUNZI CHA KUVAA CHENYE MOTA

Panzi na kaa hawana mifupa ndani ya mwili kama sisi. Wana gamba gumu kwa nje, na gamba hilo ndilo linalowabeba. Wataalamu wamelichukua wazo hilo na kutengeneza fremu ambayo mtu anaivaa kwa mikanda kuanzia kiunoni hadi nyayoni, yenye mota kwenye nyonga na magoti pamoja na betri yake. Katika somo hili tutaiita kiunzi cha kuvaa. Tumechagua mada hii kwa sababu katika vikao vyetu na wazazi wenye watoto wenye ulemavu swali limekuwa likijirudia: "Tumeona kwenye simu mtu aliyepooza akitembea. Je, mradi hauwezi kutuletea kile kifaa?" Ni swali la haki, nalo linastahili zaidi ya ndiyo au hapana.

Fedha nyingi za mwanzo zilitoka jeshini. Mwaka 1965 kampuni ya General Electric ya Marekani, kwa fedha za Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Majini, ilianza kutengeneza kiunzi kilichoitwa Hardiman. Lengo lilikuwa mtu mmoja aweze kunyanyua mzigo wa kilo 680 hivi. Mashine yenyewe nayo ilikuwa na uzito wa karibu hizo hizo kilo 680! Mkono mmoja ulifaulu kunyanyua nusu ya mzigo uliokusudiwa. Lakini walipojaribu kuendesha mwili mzima kwa pamoja, mashine ilitikisika na kurusha viungo ovyo, kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuwekwa ndani yake ikiwa imewashwa yote. Mradi ukaachwa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Jeshi halikukata tamaa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kilionyesha BLEEX, miguu ya kuvaa inayobeba mzigo wa mgongoni, iliyofadhiliwa na idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi. Mwaka 2010 kampuni ya Raytheon ilitoa XOS 2, iliyonyanyua mizigo mizito kwa wepesi lakini ikitegemea chanzo cha nishati cha nje. Mwaka 2013 Kamandi ya Vikosi Maalumu ya Marekani ilitangaza mpango wa TALOS, vazi la kivita lenye kinga ya risasi na mota. Ulifungwa mwaka 2019 bila vazi kamili kupatikana, ingawa baadhi ya sehemu zake ziliendelezwa pekee.

Kwa nini nchi yenye fedha kiasi hicho ishindwe? Waliowahi kupanga mradi wa umeme wa jua wataielewa hesabu hii mara moja. Ukitaka nguvu zaidi unaongeza betri. Ukiongeza betri unaongeza uzito. Na uzito huo nao unadai nguvu ya kuubeba. Askari akiwa porini hana mahali pa kuchaji. Tena kuna tatizo la kukisia nia ya mvaaji. Fremu ikichelewa hata sehemu ndogo ya sekunde, inapingana na mguu badala ya kuusaidia, kama watu wawili waliobeba machela huku kila mmoja akienda kwa hatua yake. Mvaaji anaweza kuchoka kuliko yule anayetembea bila kitu.

Hapa tunapenda kutaja jambo lililotufurahisha. Mwaka 2015 watafiti Steven Collins, Gregory Sawicki na mwenzao walichapisha katika jarida la Nature habari za kifaa cha kifundo cha mguu kisicho na mota wala betri. Kina springi na kishikio kidogo kinachoikaza na kuiachia springi kulingana na hatua. Kilipunguza nguvu anayotumia mtu kutembea kwa asilimia 7 hivi. Viwandani nako mambo yamekwenda hivyo hivyo: mwaka 2018 kampuni ya Ford ilianza kuwapa baadhi ya wafundi, katika viwanda 15 vya nchi 7, fulana ya springi inayobeba mikono ya mtu anayefanya kazi juu ya kichwa. Nayo haina mota.

Sasa turudi kwa wagonjwa. Tangu mwisho wa miaka ya 1960, katika Taasisi ya Mihajlo Pupin mjini Belgrade, iliyokuwa Yugoslavia, Miomir Vukobratović na wenzake walijaribu viunzi vya hewa iliyoshindiliwa kwa ajili ya watu waliopooza miguu. Kinachojulikana zaidi leo ni ReWalk, kilichobuniwa na Amit Goffer, mhandisi wa Israeli aliyepooza kwa ajali mwaka 1997. Mvaaji anainamisha kifua mbele kidogo, kifaa kinahisi mwinamo huo na kupeleka mguu mmoja. Mizani anaishika mwenyewe kwa magongo mawili. Ndiyo maana Goffer hakuweza kutumia kifaa alichokibuni: mikono yake nayo ilikuwa imeathirika. Marekani iliruhusu kitumike nyumbani mwaka 2014, kwa sharti kwamba awepo msaidizi aliyefundishwa. Mifupa ya mvaaji lazima iwe imara, na mikanda imkae sawasawa, maana asiyehisi ngozi yake anaweza kupata kidonda bila kujua.

Huko Japani, Profesa Yoshiyuki Sankai wa Chuo Kikuu cha Tsukuba alitengeneza HAL, kinachosoma ishara dogodogo za umeme kwenye ngozi pale mtu anapokusudia kusogeza mguu. Hospitalini hutumika kama kifaa cha mazoezi: mgonjwa anakivaa kwa muda, kisha anakivua. Kwa maoni yetu matumizi haya ndiyo yenye matumaini zaidi, kwani kifaa kimoja kinahudumia wengi, na mafundi wapo karibu.

Bei ni kubwa. Bima ya serikali ya Marekani, Medicare, ilipoanza kulipia kiunzi cha kutembelea mwaka 2024, ilikipangia takribani dola 91,000. Na mwaka huo huo magazeti yaliandika habari za mtumiaji mmoja wa huko ambaye kiunzi chake kilisimama kwa sababu ya waya mdogo wa betri ya saa ya kukiongozea. Alijibiwa kwamba kifaa chenye zaidi ya miaka 5 hakitengenezwi tena. Kilitengenezwa baada ya habari kuenea.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 100 anahitaji kiti cha magurudumu. Pale Moshi, chuo cha TATCOT kinafundisha mafundi wa miguu ya bandia, vyuma vya miguu na viti hivyo, na kiti kilichopasuka mpira kinaweza kuzibwa na fundi baiskeli wa kijijini. Kwa sababu hiyo mradi wetu unaendelea na viti na vyuma vya miguu, na wazazi waliouliza tumewaeleza hivyo waziwazi.

Kwa mazungumzo katika vikundi: kifaa gani katika kijiji chenu kimelala kwa kukosa kipuri kimoja, na nani aliahidi kukitengeneza? Je, watu wenye ulemavu wenyewe waliulizwa kabla hakijaletwa?