Kingamwili ni Shahidi: Tumhoji Kabla ya Kumwamini



Darasa letu la leo linaanza na picha ambayo wanafunzi wa bayolojia na udaktari wameizoea. Kipande chembamba cha moyo wa panya kiko chini ya hadubini, na kwenye mipaka ya seli zinang'aa nukta za kijani. Maelezo ya picha yanasema: koneksini 43. Tunaandika jina daftarini, tunafungua ukurasa mwingine. Lakini nukta ile si koneksini. Ni rangi iliyobebwa na kingamwili, na kingamwili ndiyo inayodai kwamba imeikuta koneksini pale. Tulichoonyeshwa ni ushahidi tu.

Koneksini 43 ni protini yenye uzito wa karibu kilodaltoni 43. Molekuli 6 hujipanga duara kwenye utando wa seli na kufanya nusu ya mfereji. Seli jirani huleta nusu yake, na nusu mbili zikikutana njia inafunguka. Hupita humo molekuli ndogo, zisizozidi daltoni 1,000 hivi: glukosi inapita, protini haipiti. Katika moyo, chembe zenye umeme hupita humo ili seli zote zijikunje kwa mpango mmoja. Njia hizo zikiharibika mapigo yanaweza kwenda ovyo, na ndiyo maana watafiti wa maradhi ya moyo wanaiandama sana protini hii.

Kingamwili ya kuitafuta hupatikanaje? Mara nyingi sungura hudungwa kipande kifupi cha mkia wa koneksini. Mwili wake hukiona kuwa kigeni na kutengeneza kingamwili za kukishika. Damu hutolewa, kingamwili zikasafishwa. Kwenye slaidi huwekwa kwanza kingamwili ya sungura, slaidi ikaoshwa, kisha ikawekwa ya pili, tuseme ya mbuzi, ambayo hushika kingamwili yoyote ya sungura na ndiyo yenye rangi.

Hapo pana milango kadhaa ya kukosea. Ya sungura inaweza kushika protini nyingine yenye kipande kinachofanana. Ya mbuzi inaweza kunata yenyewe bila kualikwa. Lakini kosa ambalo mimi naliona la mafunzo zaidi ni la fosfati. Mkia wa koneksini 43 hupachikwa fosfati na kuvuliwa, kulingana na hali ya seli. Zipo kingamwili ambazo huushika mkia huo pale tu fosfati inapokuwa haipo mahali fulani. Sasa chukua moyo uliokosa damu kwa muda: fosfati zinavuliwa, kingamwili ya namna hiyo inapata pa kushika, slaidi inang'aa zaidi. Mtafiti mwenye haraka ataandika kuwa koneksini imeongezeka, kumbe kiasi ni kile kile. Shahidi hakusema uongo. Aliulizwa swali ambalo si lake.

Waliosoma elimu ya hadithi watalitambua jambo hili. Mpokezi anaweza kuwa mkweli na mchamungu, na bado riwaya yake ikaachwa kwa sababu kumbukumbu yake ni dhaifu, au hakukutana na huyo anayempokea. Na katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuihakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Sisemi kwamba maabara na sanad ni kitu kimoja. Mizani zake ni mbali mbali. Lakini anayeuliza "umepokea kwa nani?" msikitini hana udhuru wa kunyamaza maabarani.

Basi ahojiwe. Weka slaidi moja yenye kingamwili ya pili peke yake: iking'aa, tatizo liko kwa mbuzi. Jaribu seli zisizokuwa na koneksini hiyo, kama zile za HeLa ambazo wengi huzitumia kwa kazi hii. Jaribu ini pia, kwa kuwa seli zake hutegemea zaidi koneksini 32. Zikimeta sawasawa na moyo, simama. Tenganisha protini kwenye jeli kwa ukubwa: mistari ije karibu na 43, mara nyingi miwili au mitatu kwa sababu ya zile fosfati. Ukipata mmoja tu kwenye 70, umeshika mtu mwingine. Na katika ripoti andika kingamwili ilitoka kwa mnyama gani, toleo namba ngapi, na uliizimua mara ngapi.

Na tusidhani haya ni mambo ya mbali. Kati ya 1972 na 1974 watoto wapatao 42,000 wa hapa West Nile, wa umri usiozidi miaka 8, walitolewa damu katika utafiti wa taasisi ya kimataifa ya saratani yenye makao Lyon, Ufaransa. Huenda shangazi yako ni mmoja wao. Walikuwa wanachunguza uvimbe wa Burkitt, ule unaofurisha taya la mtoto, na iwapo kirusi cha Epstein-Barr ndicho chanzo. Njia ilikuwa ya rangi ing'aayo pia, ila imegeuzwa: seli zenye kirusi ziko tayari kwenye slaidi, na kinachotafutwa ni kingamwili iliyomo katika damu ya mtoto.

Majibu yalitolewa 1978. Watoto waliokuwa na kingamwili nyingi kupita kawaida walikuwa na hatari ya uvimbe mara 30 hivi. Nguvu ya ushahidi ule ni kwamba damu ilichukuliwa kabla ya ugonjwa kuonekana, na kila mtoto aliyeugua baadaye alilinganishwa na wenzake wa umri ule ule, jinsia ile ile na eneo lile lile. Wenzake hao, waliobaki wazima, ndio waliokuwa slaidi ya kulinganishia.

Wabillahi tawfiq.