Maji Yanatoka Wapi? Unyevu katika Nyumba za Karagwe na Kyerwa

Kila baada ya masika, nyumba nyingi za kwetu hubaki na alama zilezile. Lipu imevimba chini ya dirisha, unga mweupe kama chumvi umejitokeza karibu na sakafu, madoa meusi yametanda nyuma ya kabati. Mwenye nyumba humwita fundi, saruji inanunuliwa, ukuta unapigwa lipu upya. Vuli ikifika, lipu ile inadondoka. Fedha imekwenda, maji yamebaki, kwa sababu hakuna aliyeuliza yanatoka wapi.

Hili si suala la urembo wa nyumba. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo: wanaoishi humo hupata zaidi kikohozi, kifua kinacholia na pumu. Watoto huumia haraka, hasa wanaolala wakigusa ukuta mbichi.

Anza nyuma ya nyumba

Eneo letu ni la milima, na viwanja vingi vimechongwa ubavuni mwa mteremko. Ukuta wa nyuma huachwa umeegemea udongo, wakati mwingine hadi usawa wa dirisha. Hapo hakuna lipu itakayoshinda. Ondoa udongo mpaka ardhi ya nje iwe chini ya sakafu yako kwa sentimita 15 au zaidi, kisha chimba mtaro upande wa juu uyakinge maji kabla hayajafika ukutani. Uyaelekeze kwenye migomba, yasiingie chooni wala kwa jirani. Kama ukingo wa udongo ni mrefu kuliko mtu, usiuchimbe peke yako, tena usiuchimbe wakati wa mvua.

Kibanja cha migomba nacho hutusogelea mno. Matandazo yanayotunza unyevu wa mgomba hutunza pia unyevu wa ukuta. Acha nafasi tupu ya mita moja na nusu kuzunguka nyumba. Mgomba wa karibu na jiko ndio unaonenepa kuliko yote, hilo tunalijua, lakini uhamishe.

Kisha tazama bati. Lisipokuwa na gata, matone huchimba shimo chini ya upenu na kurusha tope ukutani kila mvua inaponyesha. Gata hulipa mara mbili: bati lenye eneo la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 huweza kukupa kama lita 800 za maji ambazo hutazifuata bondeni. Tangi lifunikwe, na bomba la kumwaga maji ya ziada lizibwe kwa wavu ili mbu wasizaliane.

Maji yanayopanda kutoka ardhini

Tofali hunyonya maji ya ardhini, na maji hayo yanaweza kupanda ukutani hadi karibu mita moja. Kwa anayejenga sasa, kinga ni rahisi: juu ya msingi, kabla ya kozi ya kwanza ya tofali, tandika nailoni nzito upana wote wa ukuta. Vipande vipishane sentimita 15. Tandika nyingine chini ya jamvi. Ni kazi ya nusu siku, na fundi anayesema haina haja hatakuwepo ukuta utakapoanza kumenyuka.

Nyumba iliyokwisha simama ni ngumu zaidi. Maliza kwanza kazi ya nje, kisha bandua lipu iliyoharibika na uache ukuta ukauke kiangazi chote, Juni hadi Agosti. Kama tofali ni mbichi au limejengwa kwa udongo, usilifunike kwa lipu ngumu ya saruji. Saruji huzuia unyevu kutoka, na ukuta hulainika ndani huku nje ukionekana mzima. Lipu ya udongo au ya chokaa inauruhusu upumue. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilitufundisha Kagera nzima thamani ya ukuta imara, na ukuta uliolowa chini hauna nguvu hiyo. Ufa uliopenya hadi upande wa pili aukague fundi kabla ya kuupaka chochote.

Maji mengine tunayatengeneza wenyewe

Usiku wetu ni wa baridi. Watu wanne wakilala chumba kilichofungwa, pumzi zao hugeuka maji kwenye bati na kudondoka alfajiri. Wengi hudhani bati limetoboka. Ili kujua kama unyevu wa ukuta nao unatokana na hewa ya chumbani, gandisha kipande cha nailoni ukutani, kingo zote zizibwe, ukiache siku mbili. Ukikuta maji upande wa chumbani, tatizo ni hewa: fungua madirisha asubuhi, weka matundu juu ya lenta, na usianike nguo ndani. Yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani.

Usikaushe chumba kwa kulala na jiko la mkaa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua familia nzima usingizini.

Magunia ya mahindi na karanga yawekwe juu ya kichanja, mbali na ukuta. Unyevu huotesha ukungu unaoleta sumukuvu, na kupika hakuiondoi.

Ukungu wa ukutani usugue kwa maji na sabuni, pua umeifunga kitambaa, dirisha wazi, watoto nje. Rangi isubiri ukuta ukauke, la sivyo ukungu utachomoza tena.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi usikisingizie nyumba. Kapime kifua kikuu. Mtoto anayepumua haraka, ambaye kifua chake kinabonyea anapovuta pumzi, au anayeshindwa kunyonya, afikishwe siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Nyakahanga au Isingiro.