Ukuta mwekundu nyuma ya mtoto

SWALI: Nafundisha sanaa hapa Mogogosiek. Katika picha moja ya mtoto iliyochorwa na Vincent van Gogh, nyuma yake pamejaa nyekundu na rangi ya chungwa. Ukuta gani huo? Na mwanafunzi wangu akimchora mdogo wake hivyo, nimsahihishe?

JIBU: Mwalimu, mtoto huyo ni Camille Roulin, mwana wa Joseph, mfanyakazi wa posta mjini Arles, Ufaransa. Van Gogh aliichora familia hiyo yote mwishoni mwa 1888, Camille akiwa na miaka 11. Picha unayoisema iko São Paulo, Brazili.

Usiutafute ukuta huo. Buluu ya koti na chungwa ya nyuma zikikaa pamoja, kila moja huizidishia mwenzake nguvu, na mtoto aliyetulia kitini anaonekana ana moto ndani yake. Hisia ndiyo iliyochagua rangi.

Hata kwetu, Jak Katarikawe, mchoraji Mganda aliyeishi Nairobi na kufariki 2018, aliwapaka ng'ombe wake rangi zisizoonekana zizini, na tunawapenda.

Kwa mwanafunzi wako, kinachonihangaisha zaidi ni ngozi. Asichore uso kwa kahawia moja na kivuli cheusi. Nyeusi tupu huuzima. Ajaribu zambarau au buluu kivulini. Kisha msimamishe mtoto kwenye majani chai wakati wa jua, mtazame chini ya kidevu: mwanga wa kijani hupanda hapo kutoka kwenye majani. Akiuona na kuuchora, tafadhali usimkate alama.